Maiti wa Tendo la Tatu

Nakufa saa mbili na dakika arobaini,
kwa kisu cha ubao, kila Jumamosi.
Kazi yangu baada ya hapo ni kutopumua sana.

Macho nimefumba; masikio nitayafumbaje?
Kiti cha chuma kinalia: huyo wa kwanza.
Visigino, polepole, kama vya mwenye haya.
Kisha ndala. Kisha familia nzima
na mtoto anayeuliza, "Amekufa kweli?"
"Twende, pikipiki za Panzi zitaisha."

Siwalaumu. Usiku wa Bukavu una bei yake,
na umeme wenyewe huondoka bila kuaga.

Lakini kikohozi kile nakijua.
Mama Nsimire, aliyenizaa,
anapapasa kitenge chake gizani, anakipata.
Mlango unafunguka, baridi ya ziwa inanipita nyayoni,
unafungwa.

Dakika kumi baadaye nafufuka.
Nasema maneno yale marefu, mazuri kuliko yote,
mbele ya watu tisa na mlinzi.

Kesho yake, sokoni Kadutu, muuza sambaza ananikazia macho:
"Wewe si yule marehemu?"
"Nilifufuka, mama. Ulitoka mapema."
Hasadiki. Ananiongezea kiganja kimoja cha sambaza
kama rambirambi.

Nazileta nyumbani. Mama anazichambua,
hanitazami.
"Mbona huwa hungoji mwisho?"
Anapuliza makaa, moshi unamwingia machoni,
au si moshi.
"Ulishakufa," anasema.
"Ningebaki kumwangalia nani?"