Amenifia

Saa tano usiku, na Daiva hajavua buti.
Mezani kuna kadi ya rambirambi, ya yuro mbili na nusu,
yungiyungi nje, ndani peupe pasipo huruma,
na kalamu aliyoiazima kwa jirani.

Peadar Treanor amezikwa jana, Monaghan, mvuani.
Miaka saba Daiva alimchumia uyoga
katika mabanda marefu yasiyo na dirisha.
Siku zote mzee alimwita Diva,
naye hakumsahihisha.

Pole ilikuja yenyewe, neno jepesi.
Baada yake, mlango wenye vitasa vitatu:
"for", "about", "to".
Ameandika, amekata. Ameandika, amekata,
kwenye bahasha, maana kadi ni moja.

Mwalimu wa Jumanne jioni, Bwana Gormley, aliwaambia
vitenzi vya Kiingereza vina wachumba wao:
msiulize sababu, karirini ndoa.
Basi husubiriwa kwa "for",
mgeni mezani husubiriwa kwa "on".
Nani alizifungisha ndoa hizo, hakusema.

Kwao Kaunas nomino hubadili mkia,
yamekwisha, ujumbe umefika.
Hapa mkia umekatwa ukawekwa kando,
kineno cha herufi mbili, tatu,
kimesimama peke yake kwenye baridi
kati ya kitenzi na mtu.

Kitabu cha sarufi kinasema
mgonjwa hufa "of", majeruhi hufa "from",
askari hufa "for".
Kidole chake kimepita ukurasa huo mara mbili.
Haimo ile aliyoisikia langoni Jumatatu,
Attracta amevaa koti la mumewe,
ndoo ya majivu mkononi:
alikufa juu yangu, Daiva.

"On."
Neno la kikombe na meza, la paka na ukuta.
Alidhani uchungu umemkosesha mama sarufi.
Moyoni akamsahihisha: "of", mama,
ya moyo, daktari kasema.

Ila usiku huu anakumbuka gunia la mboji
lililoporomoka likamlalia, mwaka wake wa kwanza.
Hakuumia. Hakuweza kuinuka tu,
akanusa samadi na nyasi mbivu, akangoja,
hadi mtu akaja kulivuta, akitukana gunia, si yeye.
Mtu huyo alikuwa Peadar.

Kumbe.
Mtu hufa, na uzito una mahali unapoangukia.

Lugha ninayomsimulia humu haina haja ya kineno:
herufi moja huingia tumboni mwa kitenzi,
kufa kukawa kufia,
na aliyebaki akapewa jina, mfiwa.
Amenifia, tungesema, kisha tungenyamaza.
Daiva hana herufi hiyo.
Ana kalamu ya watu na nafasi ya mistari minne.

Akaandika: nasikitika, alikufa,
kisha kile kineno, kisha wewe.
Bwana Gormley, mzaliwa wa Clones,
darasani angelikizungushia wino mwekundu,
na nyumbani kwake angelisema vilevile.

Akashuka chini kutia jina.
D.
Akasita, kalamu hewani.
Halafu akaruka herufi moja,
akaandika zilizobaki,
akalamba bahasha.