Tone la Pipa

Niliinunua Mwanjelwa, kwenye lundo la mitumba,
kati ya pasi ya mkaa na kiatu kisicho na mwenzake:
hadubini, shingo imelegea.

Tukuyu mvua haijakata tangu Jumanne.
Nikachota tone kwenye pipa la mchirizi,
nikalitandaza juu ya kipande cha kioo,
chini yake tochi ya simu.

Kwanza nikaona kope zangu mwenyewe.
Kisha kitu kikapita,
kinazungusha vinywele mdomoni, tumbo wazi kama chupa:
unaona hadi alichokula mchana.
Kingine duara tupu, kinabingirika
kama mtoto aliyesahau alikotumwa.

"Tupokigwe, njoo!"
Akaja na mwiko. Akafumba jicho moja.
Akakaa hivyo hadi ndizi zikashika chini ya sufuria.

"Haya ndiyo maji ya chai?"
"Ndiyo haya."
"Tangu tuoane?"
"Tangu tuoane."

Akachukua kioo, akatoka mvuani kichwa wazi,
akalirudisha tone pipani taratibu,
kama anayemlaza mtoto aliyesinzia mgongoni.

Akarudi ndani, akateleka birika.
Maji yakachemka.
Akayaacha yachemke tena.