Mkanda Hupanda Palipo Juu

Mia nane, alisema Bi Zena,
na hili gunia la mchele ukalirudishe.
Nikaipitisha Langoni nimeikumbatia ubavuni
kama mtu abebaye mbuzi mgonjwa,
waya wa umeme ukiburura nyuma
na mtoto mmoja akiukanyaga makusudi.

Mashine ya msasa. Ya marehemu mumewe, Shekuwe,
aliyelainishia vitanda vya nusu ya mtaa.
Miaka sita imekaa chini ya ngazi,
skrubu zimeliwa vichwa na chumvi
hata bisibisi haina pa kushika.

Nilianza kwa mafuta ya taa na subira.
Zaidi mafuta ya taa.
Beringi ya kwanza ilitoka ikilia;
ya pili, nililia mimi.
Makaa ya mota yamebaki kama kucha za mtoto.
Nikachonga mengine, ya blenda iliyokufa,
tupa, pumzi, tupa,
mpaka yakaingia bila kusukumwa.

Katika mfuko wa vumbi nilikuta miti.
Sina neno jingine. Tabaka juu ya tabaka:
vumbi jekundu la mbambakofi, la msaji kahawia,
na juu kabisa unga mweupe nisioujua,
kazi ya mwisho ya mikono yake.
Sikuumwaga. Niliufunga kwenye gazeti.

Kisha nikaiwasha.

Ikanguruma, alhamdulillahi, na papo hapo
mkanda ukakimbilia kushoto,
ukang'ata ganda, ukatema unga wa kijivu.
Nikazima. Nikageuza skrubu ya kuuelekeza.
Ukarudi, ukasita katikati kama mgeni mlangoni,
ukapitiliza kulia, ukachomoka,
ukaanguka miguuni pangu: shilingi mia mbili.
Siku tatu. Mikanda minne.
Famau auzaye simu mlango wa pili
akaja na ushauri wake: kaza.
Kila asiyejua kitu husema kaza.

Nilitazama mshale uliochorwa ndani ya mkanda: uko sawa.
Nilitazama springi: hai.
Usiku wa nne umeme ukakatika,
nikapitisha kidole juu ya rola gizani,
na kidole kikaona kilichoyakwepa macho.
Rola ni bapa.

Ilipaswa kuwa na kitumbo,
mbinuko wa unene wa ukucha, pale katikati,
maana mkanda una tabia yake ya ajabu:
haukimbii mlima, huupanda.
Uwekee kilele kati, utakaa kileleni.
Vitanda vyote vile vilikila kitumbo kile
kidogo kidogo, kitanda kwa kitanda,
pakabaki uwanja,
na uwanjani kila upande ni njia.

Nikakata utepe mweusi wa mafundi umeme:
mzunguko mmoja mpana,
wa pili mwembamba, wa tatu mwembamba kuliko huo.
Ni aibu ya fundi? Basi na iwe aibu.
Asubuhi umeme uliporudi
nikageuza skrubu robo, nikarudisha nusu ya robo,
mkanda ukatulia,
ukawa unakimbia bila kwenda popote.

Nilirudisha gunia, na lile gazeti pia.
Bi Zena akalifungua, akanusa ule unga mweupe.
"Mwembe," akasema. "Susu ya Munira. Haikwisha."
Munira sasa yuko darasa la pili.

Alasiri akaja karakanani. Hakuingia.
Alisimama kizingitini ameshika buibui lisiguse vumbi,
nami nikaiwasha, nikaipitisha juu ya ubao.
Alisikiliza hadi ubao ukaisha.

"Ndiyo iyo," akasema. "Ela yake ikikohowa kwanda."

Nikamweleza kwamba nimebadilisha makaa.
"Na yale ya kale?"
Niliyatupa.
Akatikisa kichwa, hakukasirika,
akauliza ubao huu ni wa nani.