Sentensi ya Heldur

Tartu, saa tisa usiku. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Urve anahamisha kumbukumbu za programu ya hospitali
kutoka maktaba kuukuu kwenda mpya,
faili mia tatu na kumi, mstari kwa mstari.

Mpya ina masharti. Kila tukio litaje ngazi yake:
taarifa, onyo, hitilafu;
litaje na wakati, hadi sehemu ya elfu ya sekunde.
Ile ya zamani ilimeza chochote, kama droo ya jikoni.

Kwenye faili la miadi anakuta sentensi ya Heldur,
aliyestaafu Machi, akazikwa Juni:
«Nimefika hapa. Sijui kwa nini inafanya kazi. Usiguse.»

Aiweke ngazi gani?
Hitilafu, hapana.
Onyo, labda; lakini onyo hupiga simu za watu usiku,
na Heldur hakupenda kumsumbua mtu.

Anaandika: taarifa.
Anaendesha majaribio. Kijani, kijani,
moja jekundu,
kijani.

Saa mbili asubuhi, bado giza, seva inaamka.
Katikati ya maelfu ya mistari yenye saa sahihi
marehemu anasema tena:
nimefika hapa.