Safu ya Pili

Saa nne usiku, Tororo, umeme upo, ajabu,
na kompyuta yangu ya mezani, niliyouziwa na shule
ilipofunga maabara, ikiwa bado na namba 14 ya rangi nyeupe ubavuni,
inaniambia haimjui mtu yeyote.

Si kwamba mtandao umekatika. Nimeupima:
nikiuita kwa namba, unaitika.
Nikiuita kwa jina, kimya.
Waya ni mzima, taa ya modemu inakonyeza kijani
kama mtu anayejua siri ya jirani.
Aliyezimika ni karani wa majina,
yule mmoja wa kampuni, huko Kampala,
niliyemtegemea miaka minne bila kujua kwamba yupo.

Nafungua mipangilio.
Seva ya kwanza: imejazwa.
Seva ya pili: tupu.
Miaka minne, tupu.

Nacheka peke yangu, maana huku kwetu
nyumba hazina namba na hatujapotea.
Mwenye bodaboda akiniletea karatasi
humuuliza Opendi wa chapati: kwa Nyafwono mchapaji ni wapi?
Opendi akiwa ameenda kuzika Nagongera,
humuuliza mama wa makaa.
Mama wa makaa akinuna, wapo watoto wa bombani,
watamfikisha mpaka mlangoni na kudai mia mbili.
Nani aliwahi kuutupa mzigo wangu barabarani
eti Opendi hayupo?
Lakini mashine hii, na akili zake zote,
nimeipa Opendi mmoja tu.

Basi naandika kwa kidole kimoja, kama anayesajili ndoa:
nane nukta nane nukta nane nukta nane.
Kisha, kwa kuwa leo hata ung'ongo nauona nyoka,
naongeza ya tatu:
moja nukta moja nukta moja nukta moja.
Ni watu wa mbali, sijui hula nini,
na huenda wanaandika mahali
kila jina ninalowauliza.
Mama wa makaa naye huandika, kichwani,
na Jumapili husoma kwa sauti.

Fundi Wandera alinieleza kwa simu, huku akitafuna:
itabisha kwa wa kwanza, itangoja sekunde tano,
asipoitika itakwenda kwa wa pili.
Sekunde tano!
Hodi, hodi, hodi, kisha viatu,
bila kinyongo.

Mimi mwaka ule wa ada ya Awor
nilibisha kwa kaka yangu Malaba miezi saba.
Pazia lilitikisika. Redio ilipunguzwa sauti.
Nikarudi nyumbani nikisema dunia imekatika,
na shangazi yangu wa kando ya reli,
ambaye sikumwuliza,
alikuja kuniuliza baadaye kwa nini sikumwuliza.
Sina jibu mpaka leo.
Safu ile niliiacha tupu mwenyewe.

Nabonyeza hifadhi. Naita jina la kwanza.
Ukurasa unashuka polepole, kichwa, mabega,
nao mtihani wa darasa la saba, kurasa kumi na moja,
unaanza kupanda kwenda kwa mwalimu mkuu
anayeusubiri kabla ya alfajiri:
asilimia arobaini, sitini, themanini na

umeme umeondoka.

Kwa huo, safu yangu ya pili ni nusu mshumaa.
Kiberiti sijui nilikiweka wapi.