Nakurudishia Kitabu, Chilewa

Nakurudishia kitabu, Chilewa.
Kina doa la chai ukurasa wa arobaini,
samahani, ni pale shati la marehemu lilipofumuliwa,
sikuona kikombe nakitua wapi.

Nianze na kilichoniudhi.
Mvua ya Agosti!
Agosti, Hombolo, mvua ikafuta nyayo za muuaji
usiku uleule mwandishi alipotaka zifutike.
Agosti yetu ni upepo na vumbi,
nyayo za mbuzi hukaa njiani
mpaka mbuzi mwenyewe kaliwa.
Nimeandika pembeni kwa penseli: *Mwongo.*
Nitafuta.

Na yule Inspekta.
Mtu mzima, kofia ya serikali kichwani,
akose kuuliza ufunguo wa ghala la zabibu alikuwa nao nani?
Amechongwa mjinga
ili fundi cherehani apate kusimama juu yake aonekane mrefu.

Hakuhitaji kigoda hicho.
Mama Mbijima ni mtu, Chilewa.
Nimesikia harufu ya mafuta ya cherehani yake.
Akipima kiuno cha mjane
anapima na jinsi mjane anavyobana pumzi.
Wateja humwambia mambo wakiwa na pini begani,
hawawezi kuondoka,
hawawezi hata kugeuka.
Na lile shati la Madeha:
uzi wa bluu juu, mweusi chini,
kifungo cha tatu kimeshonwa na mtu wa shoto.
Hapo nilisema peke yangu, ewaa.

Lakini huyo wa shoto anaingia ukurasa wa mia mbili na kumi!
Hatujawahi hata kusalimiana naye.
Kitendawili gani hiki?
Nimempa Mpwapwa, nimempa Kondoa,
nimempa Manyoni na reli yake,
kala miji yote, kumbe jibu
alikuwa bado hajalitunga.

Halafu ile sura ya mwisho,
watu saba ghalani, wamekaa kama wanasubiri picha ya harusi,
na muuaji anainuka, anasema, "Ni mimi."

Miaka thelathini na mmoja nimekuwa karani Mahakama Kuu.
Hakuna aliyeinuka.
Mshtakiwa huomba maji.
Shahidi husahau jina la mjomba wake.
Lile jalada la kijana wa Bahi, aliyeokotwa kwenye majaruba,
nililibeba chumba hadi chumba mara tisa,
na mara zote tisa mama yake alikuwa benchi la nyuma,
ameshika tiketi ya basi ya kurudia.
Mara ya kumi hakuja.
Sikuuliza.

Kwa hiyo sura hiyo ni mbovu, na nimeisoma mara mbili.
Ya pili kwa sauti,
polepole, kama ninayenakili:
*Ni
mimi.*

Akiandika kingine, niazime.
Ila kwanza mwandishi aje akae hapa Chang'ombe mwaka mzima,
ajue mvua hunyesha lini.