Kwa Mwenye Baiskeli, Kona ya Ipole

Sikukuuliza jina. Kwa hilo kwanza nisamehe.
Ulikuwa na magunia mawili ya mkaa, sufuria ikining'inia,
mimi nilikuwa na Canter, madumu arobaini ya asali
na taa mpya za siku moja.

Za zamani zilikuwa halojeni, njano ya chai iliyochujwa mara ya pili.
Zilimulika hatua thelathini; zaidi ya hapo, dereva unasali.
Miaka kumi na moja nimeendesha kwa kukariri:
hapa shimo, hapa daraja lisilo na kingo,
hapa mninga ulioiegemea njia kama mlevi.

Basi nikaenda Cheyo kwa fundi Sizya,
binti wa miaka ishirini na mbili, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.
Akafungua kiboksi: taa mbili, kila moja na kifeni mgongoni.
"LED hizi. Umeme kidogo, mwanga wa mchana."
Nikalipa elfu themanini.
Akasema na hili, ambalo nalikumbuka sasa:
"Rudi jioni tuzipime ukutani. Kioo chako kilitengenezewa halojeni,
LED ikikaa vibaya inatawanya mwanga
kama kuku anavyotifua jalala."
Nikamjibu asali haingoji.
Uongo. Asali hungoja kuliko kitu chochote duniani.

Usiku ule nilikuwa mfalme.
Miombo ilisimama jani kwa jani,
nikahesabu mizinga juu ya miti,
nikamwona sungura, nikaziona sharubu zake.
Lori la tumbaku likaniwashia fulu mara tatu,
nikadhani linanipongeza.

Halafu wewe, kwenye kona,
mkono usoni, tairi likiyumba,
na neno moja kabla mtaro haujakumeza:
"Mwanga!"

Mpaka leo sijui ulimaanisha upi:
huu nilioununua Cheyo,
au yule atokaye uchi usiku wa manane
kuwaroga waliolala.
Lugha yetu imewapa jina moja,
na mimi usiku ule nilikuwa wote wawili.

Tuliokota mkaa kwa taa zile zile.
Goti lako lilitoka damu, hukulitazama.
Pesa ulikataa. Ulipokea dumu moja la asali,
ukalifunga kwa mpira wa tairi, taratibu, kisha ukasema:
"Na mimi nina macho, dereva."

Nilirudi kwa Sizya. Hakunicheka, na afadhali angenicheka.
Akahesabu hatua kutoka ukuta wa ghala,
akachora mstari wa chaki,
akazigeuza taa zitazame kulia na kushoto, si juu na chini,
akakaza skrubu robo mzunguko,
robo tena,
mpaka mwanga ukakatika chini ya chaki
ulivyonyooka kama pindo la kanga.
"Sasa unamulika barabara," alisema. "Mwanzo ulikuwa unamulika watu."

Zile halojeni kazichukua mke wangu, Mwashi.
Moja kaiunga kwenye betri ya sola, ndani ya boksi la vifaranga;
hizi za kisasa, anasema, zinaona sana lakini hazina joto.
Kumi na tisa wamelala chini ya njano ile ile
iliyonifikisha Ipole miaka yote hiyo, nikiilaani.

Kila Jumanne napita kwenye kona yako.
Nashusha taa kabla sijafika, hata pasipo na mtu.
Ukiona gari linainamisha macho, nipungie mkono:
sufuria yako niliikuta asubuhi kati ya madumu,
imebonyea upande mmoja.
Nimeinyoosha kwa nyundo. Haikunyooka sana.
Iko hapa, kiti cha mbele.